Bobini ya Baba na Magazini za Ghalani

Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mjini Voi. Wateja walimletea mashine zilizokuwa zikikata uzi, na kila mmoja alifika na hukumu yake mkononi: cherehani imechoka, cherehani imekufa. Baba hakuigusa mashine kwanza. Alichomoa bobini, akaigeuza mwangani, akapitisha ukucha pembezoni mwake. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Nilimtazama nikiwa mtoto, wala sikujua kwamba ile ndiyo kazi nitakayokuja kuifanya mimi kwa chuma cha aina nyingine.

Niliingia Chuo cha Polisi Kiganjo, kule Nyeri, mwaka 1987. Baada ya miaka mitano nilikabidhiwa funguo za ghala la silaha katika kituo kimoja cha Pwani. Nilizikuta humo bastola za Browning Hi-Power, zile zilizoanzia kwenye meza ya John Browning na kukamilishwa na Dieudonné Saive huko Ubelgiji mwaka 1935. Magazini yake hubeba risasi 13 za milimita 9, zikiwa zimepangwa safu mbili. Baadaye zikaja Ceska, yaani CZ 75, kazi ya ndugu wawili wa Koucký, zinazoundwa katika mji wa Uherský Brod. Magazini zake za mwanzo zilichukua risasi 15.

Nilizipenda bastola hizo. Nilizipangusa, nikazitia mafuta, nikaziandika daftarini namba kwa namba. Magazini nilizirundika kwenye sanduku moja la mbao, kama mtu anavyorundika misumari. Hilo ndilo kosa langu kubwa kazini, na nalieleza ili mwingine asilirudie.

Usiku mmoja konstebo kijana alikutana na majambazi dukani. Alifyatua mara moja, bastola ikakwama. Mungu alimnusuru, wale watu walikimbia waliposikia mlio wa kwanza. Asubuhi aliiweka silaha mezani kwangu, mikono ikimtetemeka.

"Afande, bastola hii imeoza."

"Lete na magazini zake," nikamwambia.

Zilikuwa mbili. Nilizitia alama ya rangi, moja na mbili, tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Ya kwanza ilimaliza risasi zote bila tatizo. Ya pili ilikwama kwenye risasi ya tatu, tukairudia, ikakwama tena. Nikaichomeka kwenye bastola nyingine isiyo na lawama yoyote, nayo ikakwama. Ugonjwa ulikuwa unaifuata magazini. Nilipoitazama mwangani, kama baba na bobini yake, niliona mmoja wa midomo yake miwili ya juu umepanuka kidogo kuliko mwenzake. Ilikuwa moja ya shehena ya bei rahisi, isiyo na jina la kiwanda, ambayo mkubwa mmoja aliiagiza, nami nikaipokea na kuigawa bila kuijaribu.

Tangu siku hiyo niliacha kuiona magazini kama kikopo cha kubebea risasi. Bastola ya aina hii inapofyatuliwa, slaidi hurudi nyuma na kutupa ganda, kisha hurudi mbele ikiikumba risasi ya juu na kuiingiza chemba. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Ndani ya muda huo springi ya magazini iwe imekwisha kuinua risasi inayofuata, na ile midomo miwili ya juu iwe imeishika kwa pembe inayotakiwa. Springi ikilegea, slaidi hupita juu patupu. Midomo ikipanuka, risasi huchomoza mapema, au hutoka mbili kwa pamoja. Anayetazama atasema bastola ni mbovu.

Vituo nilivyohamishiwa vilinifundisha yaliyobaki. Mombasa chumvi ya bahari iliingia kila mahali, na kutu ilianzia ndani ya magazini, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Lodwar tatizo lilikuwa vumbi. Kule nilikuta vijana wakimimina mafuta ndani ya magazini wakidhani wanazitunza, nayo yakashika vumbi hadi likawa tope. Nikawafundisha kuzifungua kitako, kuzisugua kwa brashi na kuzirudisha zikiwa kavu. Mafuta ni ya bastola. Magazini inatosha kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa mafuta tu. Niliposikia malalamiko ya askari wa Marekani waliokuwa Iraq baada ya 2003, kwamba baadhi ya magazini za Beretta M9 zilikuwa na mpako wenye mkwaruzo ulioshika mchanga na kuzuia risasi kupanda, niliwaelewa. Bastola ilikuwa ile ile. Kilichowaangusha ni mpako wa magazini.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu, nikaufuata hadi nilipostaafu nikiwa sajini. Nilianza na magazini za kiwanda kilichounda bastola yenyewe, au za mtengenezaji anayeviuzia viwanda vya bastola, kama Mec-Gar wa Italia. Kila moja ilipata namba yake na ukurasa wake daftarini. Mpya haikutoka ghalani kabla ya kujazwa na kumalizwa mara kadhaa, katika bastola ile ile itakayotumika, kwa risasi zile zile za kazini. Nilitazama kama slaidi inabaki nyuma baada ya risasi ya mwisho. Isipobaki, springi au kile kibao cha kusukuma risasi ndicho cha kwanza kushukiwa. Iliyokwama mara ya pili bila sababu ya risasi ilitolewa kazini.

Vijana waliniuliza sana kama magazini ikikaa imejaa springi yake hufa. Niliwajibu kwamba springi nzuri huvumilia kukaa imebanwa; kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Waibadilishe ikichoka, si ghali. Midomo iliyopinda sikuruhusu inyooshwe kwa koleo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kina ufa wake unaokingoja.

Jambo lililonipa taabu kuliko yote lilikuwa kutupa. Mali ya serikali ina daftari, na kila kilichotupwa huombewa maelezo. Mara kadhaa niliitwa ofisini kueleza kwa nini nimevunja magazini ambayo kwa macho ni nzima. Nilieleza. Niliivunja mbele ya shahidi kwa sababu magazini niliyowahi kuiweka pembeni bila kuivunja ilirudi mkandani mwa mtu, na mtu huyo angeweza kuwa yule konstebo wa usiku ule.

Leo wenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huniuliza wanunue bastola gani. Nawajibu kwamba bastola nzuri ni nyingi. Nunua magazini tatu za asili, zipe namba, zijaribu zote uwanjani mbele ya mkufunzi, na siku mojawapo itakapokudanganya, usiisamehe. Ivunje siku hiyo hiyo.