Reli Iliyokufa, Njia Iliyo Hai

Nilipoendesha baiskeli kutoka Jaén, kusini mwa Hispania, sikusikia honi hata moja. Mizeituni ilijipanga pande zote hadi upeo wa macho. Njia ile ilikuwa reli iliyosafirisha mafuta ya zeituni, ikafungwa mwaka 1985. Vyuma viling'olewa, lakini ardhi ilibaki ya umma. Tangu 1993 mpango wa taifa umezigeuza reli za aina hiyo kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Nilivuka madaraja ya chuma ya karne ya 19 nyuma ya bibi na mjukuu wake. Nikawakumbuka wanafunzi wangu wanaogombania ukingo wa lami na malori. Kupanda baiskeli si umaskini. Umaskini ni taifa kukosa njia salama ya kuipitisha.