Chenso ya vipande: Mafinga na vipuri visivyokata mti

Saa 1 asubuhi mwezi Julai, mtu wa Mafinga akikusalimia "Kamwene" mvuke unamtoka mdomoni. Mama lishe ameshawasha jiko, wateja wake wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili, na kwenye barabara kuu iendayo Makambako na Mbeya malori ya mbao yanapita moja baada ya jingine. Anayeshuka kwenye basi hupokewa kwanza na baridi, kisha harufu ya utomvu wa misindano.

Mji huu ulio kilomita 80 hivi kutoka Iringa mjini unaishi kwa miti. Jirani yake lipo Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Kulizunguka kuna mashamba ya watu binafsi, ekari mbili hapa, ekari tano pale, ambayo mzazi huyapanda akijua kwamba siku moja yatalipa ada ya sekondari au kuezeka nyumba. Mti ukikomaa hukatwa, na mkataji mara nyingi ni kijana mwenye chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli.

Ndiyo maana kati ya maduka ya pembejeo, ya simu na ya nguo za mitumba yapo mengine ambayo mgeni huyapita bila kuyaelewa. Ukutani imening'inizwa minyororo yenye meno. Kwenye kabati la kioo zimepangwa pistoni ndogo, plagi, kabureta, springi na gasketi. Hapa chenso si lazima inunuliwe nzima. Hujengwa, kipande kwa kipande.

Kutoka kiwandani hadi kwenye gunia

Mashine ambazo wakataji wengi wanazitaja kwa heshima ni za Stihl ya Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa na Andreas Stihl mwaka 1926, na Husqvarna ya Sweden. Ni imara, lakini bei yake ni mzigo kwa kijana anayeanza maisha.

Haki ya kipekee ya uvumbuzi kwa kawaida hudumu miaka 20. Ikiisha, wengine wanaruhusiwa kutengeneza kitu cha aina hiyo. Viwanda vya China, vingi vikiwa katika jimbo la Zhejiang, hutengeneza vipuri vinavyoingia kwenye mashine za zamani za kampuni hizo. Huko Marekani na Kanada vipuri hivyo huuzwa hata kwa boksi zima: mwili wa injini, krenki, silinda, pistoni, kabureta, koili, klachi, tangi na mipini, vyote vikiwa vimefungashwa mbalimbali. Mnunuzi huviunganisha mwenyewe karakana ya nyumbani, na mara nyingi baa na mnyororo huvinunua pembeni.

Kwa wengi huko ni burudani ya mwisho wa wiki. Kwa kijana wa nyanda za juu ni njia ya kuingia kazini. Hununua mashine iliyokufa, kisha huifufua kwa silinda mpya leo, kabureta mwezi ujao, mpaka siku inapounguruma.

Nje ya banda la mabati, fundi mmoja wa makamo ametandika gunia chini na kupanga vipande vya mashine ya namna hiyo. Mwenye nayo, kijana wa miaka ishirini na kitu, amechuchumaa pembeni. Mkewe amesimama nyuma yake, mtoto mgongoni.

"Mdogo wangu, injini itawaka," fundi anasema. "Ila breki imekufa. Ukanda umekatika, na mkingo wa mbele haupo kabisa."

"Iache hivyo fundi, si inakata?" kijana anajibu. "Hela iliyobaki ni ya minyororo miwili. Kesho naanza kazi ya watu."

Mkewe anamweka mtoto sawa mgongoni. "Fundi, samahani. Hiyo breki kazi yake ni nini?"

Fundi anaweka spana chini. "Mama, hii haikati mti. Mashine ikimrukia, hii ndiyo inasimamisha mnyororo kabla haujamfika usoni."

Kinachotokea mashine inaporuka

Fundi anaokota baa, lile bapa refu ambalo mnyororo huzunguka juu yake, na kugusa sehemu ya juu ya ncha yake. Hapo ndipo penye hatari. Sehemu hiyo ikigusa gogo au tawi lililojificha wakati mnyororo uko kasini, meno hung'ang'ania, na nguvu yote ya injini huirusha baa juu na nyuma, kuelekea kichwa, shingo na bega la mkataji. Tukio zima huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna binadamu mwenye wepesi wa kulikwepa, hata awe na uzoefu wa miaka 20.

Mkingo wa mbele umewekwa kwa ajili ya tukio hilo. Mashine ikiruka, mkingo husukumwa mbele, springi hufyatuka, na ukanda wa chuma hubana ngoma ya klachi. Mnyororo husimama papo hapo. Breki za aina hiyo zilianza kuwekwa kwenye chenso za kampuni kubwa miaka ya mwanzo ya 1970. Nyingi za kabla ya hapo hazikuwa nazo, na ndiyo sababu wapo wakataji wa zamani wanaoiona breki kama pambo.

Vipo vingine vya kundi hilo. Chini ya mashine, pale mnyororo unapoingilia, kuna ndoano ndogo ya kuudaka ukikatika usichape mkono. Juu ya mpini wa nyuma kuna kitufe kinachozuia mafuta yasivutwe kwa bahati mbaya. Kati ya mipini na injini kuna raba au springi za kupunguza mtikisiko. Kuna na eksozi, inayopunguza kelele na kuelekeza moshi mbali na uso.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongeza mbao kwenye lori. Kwa hiyo mtu anapojenga mashine kwa vipande na fedha zikapungua, ndivyo vinavyoachwa. Pistoni hairukwi, kwa kuwa bila hiyo injini haiwaki. Breki hurukwa, kwa kuwa bila hiyo mashine inawaka na kukata vilevile, mpaka siku inapohitajika.

Vidole vya fundi

Fundi huyu alikuwa mkataji kwa miaka mingi kabla ya kukaa chini na spana. Asubuhi za baridi kama hii vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto hubadilika kuwa vyeupe kama chaki, vikafa ganzi. Siku nyingine mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Hali hiyo si ya ajabu katika elimu ya afya kazini. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliichunguza kwa wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Miongo kadhaa baadaye ilionekana kwa wakataji miti waliotumia chenso. Mtikisiko wa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu vidoleni. Baridi huchochea mashambulizi, na sigara huzidisha tatizo. Ganzi ikishakuwa ya kudumu ni vigumu kuirudisha nyuma, hivyo dawa kubwa ni kuwahi: kupunguza saa za kushika mashine, kuvaa glavu zenye joto na kubadilisha raba zilizochoka.

Masikio nayo yana hesabu yake. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri mfanyakazi asizidi saa 8 kwenye kelele za desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Chenso ikiwa kasini hufika desibeli 100 na kuzidi. Kwa hesabu hiyo, asiye na vizuia sauti masikioni amemaliza kipimo cha siku ndani ya robo saa. Baba anayeongeza sauti ya redio kila jioni, au anayedai watoto siku hizi wanaongea chini chini, huenda ameshaanza kulipa.

Mashine inaporudi nyumbani

Familia nyingi hazina stoo. Chenso hulala ndani, chini ya kitanda au nyuma ya mlango, na petroli hulala nayo. Mara nyingi imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, na hapo ndipo hatari inapohama kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Mtoto mwenye kiu haulizi. Akinywa petroli, asitapishwe wala kulazimishwa maziwa, kwa sababu inaporudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ipelekwe pamoja naye. Ulinzi wa kweli ni kuwa na dumu maalumu lenye mfuniko unaokaza, lisilofanana na chombo chochote cha chakula, lililowekwa mbali na jiko na mahali mtoto hafiki.

Kuchanganya mafuta kufanyike nje, mbali na moto. Chenso nyingi za kisasa hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5, huku baadhi ya za zamani zikitaka mara mbili ya hiyo. Fundi ndiye wa kuulizwa kabla ya kukisia. Na mashine isijaribiwe ndani ya chumba, hata kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoweza kuua.

Kijana wa shule anayemsaidia baba kunoa mnyororo anaweza kujifunza akiwa na glavu, injini ikiwa imezimwa. Kushika mashine inayounguruma si kazi ya mtoto, hata awe na mwili mkubwa.

Kabla ya kulipia mashine iliyojengwa kwa vipande, yapo mambo machache ya kumwomba fundi aonyeshe. Injini ikiunguruma polepole, mnyororo usizunguke. Mkingo ukisukumwa mbele, mnyororo usimame palepale. Mafuta yasivutike bila kitufe cha juu kubonyezwa. Ndoano iwepo, raba zisiwe zimechanika. Mafinga pia kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kwa kijana anayetaka kujifunza kazi kwa utaratibu.

Na kabla ya kukubali kazi ya watu, swali moja kwa mwajiri: anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Mfuko huo unamlinda mfanyakazi anayeumia kazini, lakini kibarua anayelipwa kwa mti bila jina lake kuandikwa popote hujikuta akiiachia familia bili.

Ajali ikitokea, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa nguvu bila kufunuafunua. Kikilowa, kingine kiwekwe juu yake, na safari ya hospitali ianze. Mkataji asiende msituni peke yake, wala bila simu yenye chaji.

Jumamosi

Kwenye banda la mabati, kijana hakufurahi. Kuagiza ukanda na mkingo kulimaanisha kununua mnyororo mmoja badala ya miwili na kumwambia mwenye kazi asubiri siku tatu. Siku tatu bila kazi ni unga, sabuni na mchango wa kikoba.

"Anaweza kumpa mwingine," alimwambia mkewe.

"Ampe," mkewe alijibu. "Mashine ilale hapa mpaka Jumamosi."

Mwenye kazi hakumpa mwingine, ila alimpunguzia miti. Jumamosi mchana wamerudi wote watatu. Fundi amefunga ukanda mpya, amekaza mkingo, ameweka ndoano. Anavuta kamba mara moja, mara mbili, ya tatu injini inashika. Moshi wa samawati unatambaa juu ya gunia. Mama anasogea hatua kadhaa, anamzungusha mtoto mbele na kumfunika masikio kwa kitenge.

Fundi anavuta mafuta, mnyororo unageuka kuwa mstari mmoja unaong'aa. Anausukuma mkingo kwa nyuma ya mkono. Mnyororo unasimama. Anarudia mara ya pili, kisha anaizima mashine na kumkabidhi kijana.

"Sasa nenda," anasema. "Na helmeti utafute."