Laki Sita za Kuazima

Nilikopa pesa ili afisa nisiyemjua, katika ofisi nisiyoijua, aamini kwamba nina pesa. Kisha nikamwandikia kwamba katika miaka 10 iliyopita sijawahi kutoka nje ya Kenya. Mimi ni mtu wa Busia. Nikisimama mlangoni pa stoo yangu naiona Uganda.

Hayo mawili niliyafanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi huko Leicester. Aliondoka baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na mwaka 2024 akajifungua mtoto wake wa kwanza. Akataka Mama aende akamwone mjukuu. Kwa kuwa Mama hakuwa amewahi kupanda ndege, akaomba nimsindikize. Nikajitwika kila kitu: fomu zote mbili, ada zote mbili, na katika fomu ya Mama, pale wanapouliza nani atagharamia safari, nikaweka jina langu. Mdogo wangu aliuliza kama atume hati zake za mshahara. "Wacha, nitashughulikia," nikamjibu. Mimi ndiye kifungua mimba. Ningekubali vipi kwenda Ulaya kwa pesa za mtoto niliyembeba mgongoni?

Sasa, mimi nauza maharagwe na mahindi, na pesa yangu haina mazoea ya kulala benki. Asubuhi ni shilingi za Kenya, saa nne imeshapita mikononi mwa wale vijana wa kubadilisha fedha wanaosimama barabarani na mabunda ya noti, mchana iko upande wa Uganda kwa wakulima na madalali, na jioni imerudi kwangu ikiwa magunia. Akaunti hubaki na elfu arobaini, elfu sitini, za kodi ya stoo na karo. Ukitaka kujua nina kiasi gani, nitakufungulia stoo uhesabu magunia.

Kijana wa saiba anayewajazia watu fomu aliitazama taarifa yangu ya benki akatabasamu. "Mzee, na hii hata Kampala hufiki." Akaniambia ubalozi unataka kuona pesa imekaa. Simlaumu. Aliuza ushauri, nikanunua, nami ni wa umri wa baba yake.

Nikaenda kwenye chama chetu cha kukopeshana, nikaomba laki sita. Niliwaeleza wazi kwamba ni za kukaa tu kwenye akaunti, hazitaguswa. Wakanipa, na riba juu yake. Nikaziweka, nikangoja kidogo, nikachukua taarifa yenye mhuri wa benki, na kabla jua halijatua nikaanza kuzirudisha. Nakumbuka nilivyoishika ile karatasi. Nilijiona tajiri wa kweli, hata nikampigia shemeji yangu wa Malaba nimtambie.

Shemeji ni ajenti wa forodha. Siku nzima kazi yake ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichomo ndani ya lori. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Shemeji, karatasi ikisema gunia mia na ndani nikakuta mia mbili, mimi hufanya nini?"

Nikamwambia hii si forodha, hii ni viza.

Upande wa safari ulikwenda hivi. Fomu ya viza ya ziara ya Uingereza hukuuliza kwanza kuhusu nchi kadhaa kwa majina, Marekani, Kanada, Australia na wenzao, halafu inauliza kama umekwenda nchi nyingine yoyote katika miaka 10 iliyopita. Kijana alisoma swali bila kuinua kichwa. Nikasema hapana.

Naweza kueleza neno hilo lilivyonitoka. Tangu Kenya, Uganda na Rwanda zilipowaruhusu raia wao kusafiri kwa kitambulisho cha taifa mwaka 2014, sisi wa hapa hatuiti kuvuka safari. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walichokifungua rasmi Februari 2018, kimerahisisha zaidi: anayeingia Uganda humalizana na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, chini ya paa moja. Kinyozi wangu yuko Sofia, upande wa pili. Na kwa kuwa naungama, niseme pia kwamba ziko siku nimepita njia za panya juu ya bodaboda kwa uvivu wa foleni tu, bila hata kilo moja ya mzigo.

Ningeishia hapo mngenihurumia: mtu wa mpakani, hajui kwamba Uganda ni nje. Lakini pasipoti yangu ilikuwa na mihuri. Kitambulisho kiliwahi kupotea, na nilipokuwa nangoja kingine nilitumia pasipoti, nikaenda nayo mpaka Kigali kwenye harusi. Muhuri wa Uganda umo, wa Rwanda umo. Na nilikumbuka. Kijana alikuwa ameshafika swali linalofuata nilipoikumbuka Kigali. Nikaona haya kumrudisha nyuma. Tena nikaogopa kwamba nikianza kutaja Uganda, wataniuliza nimekwenda mara ngapi, na jibu la kweli litanifanya nionekane mfanya magendo. Nikanyamaza.

Tulikwenda Nairobi kutoa alama za vidole na kupigwa picha, tukarudi, na ulipokuja ujumbe kwamba pasipoti ziko tayari nikaenda kuzichukua peke yangu. Bahasha niliifungua palepale barabarani. Nilipekua kurasa zote kutafuta kibandiko cha viza, nikazipekua tena kana kwamba kingeota, ndipo nikasoma barua.

Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira, nikitafuta mahali walipotudharau. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kuwatolea watu nyumbani: wazungu hawawataki Waafrika, wanakula ada zetu bure. Ndani ya basi, tumeshaipita Kericho, nikaisoma tena. Hapakuwa na dharau. Afisa aliandika kwamba mapato niliyoyataja hayalingani na laki sita zilizoingia kwa mkupuo mmoja, na kwamba sikuonyesha zilikotoka. Akaandika kwamba nimesema sijasafiri popote ilhali pasipoti ina mihuri ya nchi mbili. Kwa sababu hizo hakuridhika kwamba mimi ni mgeni wa kweli atakayeondoka ziara ikiisha.

Niliisoma sentensi ile ya laki sita mpaka taa za basi zikazimwa. Hakuna mahali aliposema sina pesa. Aliuliza tu zimetoka wapi. Nikang'amua kwamba kati ya maswali yote ya fomu ile, hilo ndilo ningelijibu vizuri kuliko mtu yeyote, laiti zingekuwa zangu. Naijua kila shilingi yangu. Naweza kukuambia gunia lipi lilinunuliwa kwa nani na likauzwa soko gani. Nilikuwa nimeificha pesa ninayoweza kuieleza, nikaweka mbele pesa nisiyoweza kuieleza.

Kesho yake, nikiwa stoo, nilitoa uvunguni mwa meza katoni ya mafuta ya kupikia ninamotupia karatasi. Mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000, mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pale mpakani cheti chepesi cha kuthibitisha bidhaa zilikotoka, asitozwe ushuru wa forodha. Kila kimoja kina tarehe, aina ya bidhaa, thamani na muhuri. Katoni ilikuwa imejaa vyeti hivyo. Zilikuwamo pia karatasi za usajili wangu wa kuagiza mahindi, maana Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na ilipoyafungulia siku chache baadaye iliweka sharti kwamba waagizaji wasajiliwe. Nilipigana kweli kuzipata. Leseni za kaunti zilikuwamo. Yaani biashara yangu yote na safari zangu zote zilikuwa mle, zimegongwa mihuri ya serikali mbili, nyingine zimetafunwa na panya. Na kuna nilizokuwa nimewashia jiko.

Ada ya ziara wakati huo ilikuwa paundi 115 kwa mtu, na tulikuwa wawili. Hairudishwi. Viza ya ziara ikikataliwa kwa kawaida hakuna rufaa. Unaomba upya na kulipa upya. Riba ya chama nililipa. Kama afisa angeamua kuliita jibu langu la safari udanganyifu, sheria yao inaruhusu kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Hakuliita hivyo. Kwa nini, sijui, na sikuwa na hamu ya kumuuliza.

Mama naye alikataliwa. Barua yake ilikuwa fupi kuliko yangu: anayemgharamia ni mwanawe, na pesa za mwanawe hazieleweki. Alikuwa ameshanunua koti zito la mitumba, akalijaribu mbele ya majirani. Aliniuliza, "Kwani uliwaambia nini?" Nikamweleza yote, pamoja na chama. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na wewe ndiye ulikuwa unamchapa mdogo wako akisema uongo," akasema, akaenda kufungia kuku.

Tulipoomba tena, mimi sikuwamo. Mdogo wangu alituma hati zake za mshahara, taarifa za benki na barua ya mwaliko. Mama akaongeza hati ya shamba. Akaunti ya Mama ilikuwa na kiasi ambacho nisingethubutu kumwonyesha kijana wa saiba. Akapata viza. Akaenda peke yake, akasaidiwa viwanjani na watu aliowaita wote "mwanangu", akakaa, akarudi kabla ya siku zake kuisha kwa sababu, alisema, nani angempalilia mtama. Mjukuu alikuwa ameshaanza kutambaa. Angemkuta bado wa kubebwa kitambaani.

Mimi sijaomba tena. Nitaomba. Fomu za Uingereza na za Kanada zote zinauliza kama umewahi kunyimwa viza, na jibu langu ni ndiyo, likifuatiwa na kisanduku cha maelezo. Nimeshaandika rasimu, shemeji ameipitia, akafuta mistari miwili nilimokuwa nimemtaja kijana wa saiba. "Huyo si mwombaji," akasema.

Juzi mwenzetu mmoja alikuja kikaoni. Anataka kwenda Kanada kumtembelea kaka yake, na anaomba chama kimwekee laki nane kwenye akaunti, azirudishe akishachapiwa taarifa. Nikasimama nikawasimulia haya yote. Nikawaambia Kanada mtu akithibitika kudanganya hufungiwa miaka 5. Wakanisikiliza kwa heshima. Mwenzangu akasema, bila ubaya, kwamba kosa langu lilikuwa haraka: ningeziacha zilale miezi kadhaa zingeonekana zangu. Kuna waliotikisa kichwa kukubali.

Tukapiga kura. Mimi nilikataa, wengi wakakubali. Pesa zimeshaingia kwenye akaunti yake, na humo zimo hisa zangu.