Eric Portman wa Halifax na Kanumba wa Shinyanga

Mwigizaji Eric Portman alizaliwa Halifax, hapa Yorkshire ninakoishi, mwaka 1901. Alikuwa muuzaji dukani Leeds kabla ya kuingia jukwaani. Wakati wa vita ya pili alikuwa nyota: ofisa wa Kijerumani katika 49th Parallel (1941), hakimu mwenye siri nzito katika A Canterbury Tale (1944). Kisha ikaja Men of Two Worlds (1946), inayotuhusu sisi. Humo Portman ni bwana DC wa Tanganyika anayetaka kijiji kihame kukimbia malale, akisaidiwa na Kisenga, mpiga piano aliyerudi kutoka London. Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guyana, mganga akaigizwa na Orlando Martins wa Lagos. Filamu hiyo inatudharau, na bado nataka kila Mtanzania aione.

Na inawezekana kuiona, maana Waingereza wanatunza filamu zao. Kwa mfano, A Canterbury Tale ilikatwakatwa ili iuzwe Marekani. Miaka ya 1970 taasisi ya filamu ya Uingereza ikairudisha ilivyokuwa. Portman mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1969.

Nyumbani tunajua kulia. Steven Kanumba, mwigizaji mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu wa Singida, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na Leaders Club ya Dar es Salaam ikafurika watu wa kumuaga. Sijaona Waingereza wakimlilia mwigizaji namna ile. Mimi nilimjua kwenye kibanda umiza pale Singida: mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa gunia, jenereta inanguruma nje, na filamu yake Uncle JJ ikikwama palepale kila siku kwa sababu sidii imechubuka. Mwenye kibanda aliifuta kwa pindo la shati, akairudisha, tukaendelea.

Sidii zile ndizo zilikuwa maktaba yetu. Leo nikimtafuta Kanumba mtandaoni napata vipande vyenye picha hafifu, majina ya mwishoni mwa filamu yamekatwa: nani alishika kamera, nani aliandika, nani alicheza mama mkwe. Waliofanya kazi ile wengi bado wako hai na wanaweza kuulizwa.

Kwa hiyo naomba, ndugu zangu wa Singida, Manyoni na Kiomboi: mwenye sidii za zamani zenye makava yake asizitupe. Nakilini zingali zinasoma, mpige picha kava mbele na nyuma, na muandike majina ya wote mnaowatambua, hata aliyepita na ndoo tu.