Unga wa Wheeling Gaunt: Kijiji cha Ohio na Ahadi Zake

Wanafunzi wangu wa somo la serikali za mitaa huamini kwamba Marekani haina vijiji. Wanaijua New York, wanaijua Chicago, na katikati ya majiji hayo wanaona barabara kuu na mashamba ya mahindi yasiyo na watu. Siwalaumu, kwa sababu ndivyo filamu zinavyowafundisha. Lakini niliishi Ohio miaka minne nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, na miwili ya mwisho niliishi katika kijiji kiitwacho Yellow Springs, kaunti ya Greene, upande wa kusini-magharibi wa jimbo hilo. Katika sensa ya mwaka 2020 kijiji hicho kilikuwa na watu 3,697. Nasema kijiji kwa maana ya kisheria kabisa: sheria za Ohio huita kijiji kila mamlaka ya aina hiyo yenye watu wasiofikia 5,000, na kikizidi hapo huwa mji.

Ningependa leo kuzungumzia namna kijiji kile kinavyotunza ahadi, na namna kinavyoshindwa kuzitunza nyingine, kwa kuwa naona sisi tunaojadili madaraka kwa wananchi usiku na mchana tuna jambo la kutazama pale.

Jina la kijiji limetokana na chemchemi yenye maji ya madini ya chuma, ambayo hupaka mawe rangi ya njano iliyoelekea wekundu. Mwaka 1825 zilifika hapo familia zipatazo 100, wafuasi wa Robert Owen, yule mwanamageuzi wa Uingereza, wakitaka kuishi kijamaa, mali ikiwa ya wote. Haukupita muda mrefu wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na jaribio likavunjika. (Wasomaji wa rika la wazazi wangu, waliohamishwa na Operesheni Vijiji, hapa watatabasamu kidogo, ingawa wale wa Ohio hakuna aliyewapakia kwenye malori.) Reli ilifika mwaka 1846, na mwaka 1853 kikafunguliwa Chuo cha Antioch chini ya Horace Mann, mwanaelimu aliyekuwa mashuhuri nchini kote. Chuo kile kilipokea wanawake na wanaume tangu mwanzo, na kikampa mwanamke uprofesa wa hadhi sawa na wanaume, jambo lililokuwa la nadra mno wakati ule.

Sifa hizo zilivuta watu. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, mhubiri Moncure Conway, mwana wa mmiliki wa watumwa wa Virginia, aliwasindikiza kwa treni watu takriban 30 waliokuwa watumwa wa baba yake mpaka Yellow Springs, wakaanza maisha mapya hapo. Katika miaka hiyohiyo ya 1860 aliwasili pia Wheeling Gaunt, na huyu ndiye ninayetaka tukae naye.

Gaunt alizaliwa mtumwa Kentucky, baba yake akiwa mfanyabiashara mzungu na mama yake mtumwa, ambaye aliuzwa mbali mwanawe akingali mtoto. Alikua akipiga watu viatu rangi, akiuza matofaa, akibeba mizigo, na senti alizoruhusiwa kubaki nazo akaziweka. Mwaka 1845 alijinunua mwenyewe kwa dola 900. Namwomba msomaji asipite haraka juu ya tarakimu hiyo. Mtu alihesabu bei ya mwili wake, akaikusanya kwa kusugua viatu vya watu wengine, akamlipa yule aliyekuwa akijineemesha kwa jasho lake, na baada ya hapo akaanza tena kukusanya ili amnunue mkewe, Amanda. Alimnunua. Alipohamia Yellow Springs alinunua viwanja na nyumba, akawa mmoja wa watu wenye uwezo katika kijiji.

Alifariki mwaka 1894. Kabla ya hapo alikuwa amekikabidhi kijiji ardhi ya ekari tisa kwa sharti moja: pato la kuikodisha litumike kuwanunulia unga wajane maskini wa kijiji. Sisi wa pwani tungeuita wakfu, na tungeelewa mara moja uzito wake. Kilichonishangaza mimi ni nani aliyekabidhiwa. Alikuwa karibu na Wilberforce, chuo kikuu cha Waamerika Weusi, ambacho nacho alikikirimu sana, na makanisa yalikuwepo. Lakini unga wa wajane aliuweka mikononi mwa serikali ya kijiji. Mtu ambaye sheria ya nchi yake ilikuwa imemhesabu kuwa mali kwa zaidi ya miaka thelathini ndiye aliyeamini kwamba halmashauri ya kijiji itakumbuka deni baada ya yeye kufa.

Nayo imekumbuka. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, na wala hakuwa maskini. Desemba yangu ya kwanza pale waligonga mlango wafanyakazi wa kijiji, haohao wanaotengeneza mabomba na kufagia theluji, wakampa mfuko wa unga wa ngano na mfuko wa sukari. Sukari iliongezwa baadaye sana, katika karne ya 20. Na siku hizi wagane nao wamo. Nilimuuliza mama yule kama hakuona haya kupokea unga wa maskini. Akanijibu kwamba unga ule si msaada, ni salamu kutoka kwa Bwana Gaunt, na mtu hakatai salamu. Juma zima lililofuata alioka biskuti akazigawa kwa majirani, nami nikapata sehemu yangu.

Ile ardhi ya ekari tisa haikodishwi tena kwa kilimo. Ni bustani ya umma yenye viwanja vya michezo na bwawa la kuogelea, na inaitwa kwa jina lake. Mwanasheria hodari angeweza kudai kwamba pato limekwisha, kwa hiyo na wajibu umekwisha. Vimepita vita viwili vya dunia, umepita mdororo mkuu wa uchumi, wenyeviti wamekuja wakaondoka, na unga bado unatolewa. Nimehudumu katika kamati kadhaa za umma hapa nchini, na najua mafaili yetu hupotea ndani ya miaka mitatu.

Sitaki nieleweke kwamba kijiji hiki ni pepo. Coretta Scott, aliyekuja kujulikana duniani kama mjane wa Martin Luther King, aliingia Antioch mwaka 1945 kusomea ualimu. Ulipowadia wakati wa mazoezi ya kufundisha, shule za umma za kijiji hazikumpokea kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1964 kinyozi mmoja alikuwa bado anakataa kunyoa watu weusi, akidai hajui kunyoa nywele zao. Mnamo Machi wanafunzi na wanakijiji walijaa mtaani. Polisi wakatumia mabomu ya machozi na maji, watu zaidi ya 100 wakakamatwa, na kinyozi akafunga duka. Kwa hiyo unga wa Gaunt ulikuwa umekwisha kupita milangoni kwa miaka 70 katika kijiji ambamo Gaunt mwenyewe asingekatwa nywele katika kiti kile. Wema wa kila mwaka na ubaguzi wa kila siku viliishi mtaa mmoja bila kusumbuana.

Wenyewe hawayafichi hayo. Gazeti la kijiji, Yellow Springs News, limekuwapo tangu mwaka 1880 na hutoka kila juma; ndani yake utakuta tanzia, mijadala ya halmashauri na barua za watu wanaogombana juu ya mti uliokatwa. Halmashauri ina wajumbe watano, na vyama vya siasa havisimamishi wagombea. Huajiri meneja wa kijiji na inaweza kumwachisha kazi, tofauti na kwetu, ambako Mtendaji wa Kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na macho yake yako huko. Kijiji kinamiliki mtandao wake wa umeme na maji, hivyo bei ya umeme hujadiliwa mbele ya anayeulipia. Nilihudhuria vikao vingi, na vingi vilichosha mno. Nakumbuka saa nzima juu ya bomba moja. Hata hivyo aliyeuliza swali alijibiwa na mtu ambaye angekutana naye kesho dukani.

Mwaka 2008 Chuo cha Antioch kilifungwa kwa kukosa fedha. Wahitimu wake walichanga, wakakinunua, na mwaka 2011 kikafunguliwa upya kikiwa na wanafunzi 35. Kijiji kilinusurika, na wakati huohuo kikazidi kupendwa na watu wenye fedha kutoka nje, waliovutiwa na msitu wake wa Glen Helen, njia ya baiskeli iliyopita palipokuwa na reli, maduka madogo, na ile sifa ya uhuru na usawa. Bei za nyumba zikapanda, na idadi ya wakazi weusi, ambao babu zao ndio waliokipa kijiji sifa hiyo, ikaendelea kupungua.

Nilikwisha kurudi nyumbani ulipozuka mjadala wa mwaka 2022, nikaufuatilia kwa mtandao. Kampuni ya ujenzi ilileta mpango wa makazi ambao ungehusisha nyumba za aina mbalimbali pamoja na kipande cha ardhi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wakazi kadhaa waliupinga, akiwemo mchekeshaji mashuhuri Dave Chappelle, wakisema kasoro iko katika mpango mzima wala si katika nyumba za wenye kipato kidogo. Mwezi Februari halmashauri ikapiga kura, mbili kwa mbili, na mpango ukaanguka. Sina ushahidi wa kumhukumu yeyote nia yake. Naona tu kwamba unga humgharimu jirani kitu kidogo sana, na nyumba humgharimu mandhari ya dirisha lake, foleni ya magari barabarani kwake na thamani ya kiwanja chake.

Lipo shirika dogo la wanakijiji, Home, Inc., lililoanzishwa mwaka 1998, ambalo hununua ardhi na kuishikilia daima. Mnunuzi humiliki nyumba iliyo juu yake, na akiihama huiuza kwa bei yenye kikomo ili anayefuata naye aimudu. Wanafunzi wangu wanaosoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hulielewa wazo hilo haraka kuliko Wamarekani wengi niliowaeleza. Nyumba zilizojengwa kwa utaratibu huo bado ni chache.

Jirani wa yule mama aliyenipangisha, bibi mweusi aliyezidi miaka 80, alizaliwa kijijini hapo, na kila Desemba naye hupelekewa mfuko wake. Watoto wake wote watatu wamepanga Springfield na Xenia. Aliponiaga alinipa kilo moja ya ule unga nije nao Tanzania. Ofisa wa uwanja wa ndege aliufungua, akauliza ni nini, nikamweleza kwa kirefu, akaufunga tena.