Mjomba na Simu ya Kioo

Wengi wetu hapa shuleni twaiona simu ya kioo kuwa ndiyo kilele cha ufundi. Waigusa tu, nayo yatii. Lakini kugusa ni jambo moja na kupapasa ni jingine, na tofauti hiyo nimeionea kwa mjomba wangu, ambaye haoni tangu utoto wake.

Mjomba husuka vikapu. Kwa miaka mingi alikuwa na simu ndogo ya vitufe. Juu ya kitufe cha tano pana kinundu ambacho sisi wenye macho hatukijali. Kwake kilikuwa kama jiwe la mpaka: akikigusa, ajua moja iko wapi na tisa iko wapi. Akiuza vikapu, fedha huingia katika simu, naye huzituma mwenyewe kwa watu wa nyumbani. Mpangilio wa huduma ameuhifadhi kichwani kama sala, na nambari yake ya siri haijui mtu ila yeye.

Mwaka 2023 wanawe wakamnunulia simu ya kioo, kwa heshima. Akapitisha kidole juu hata chini, akauliza, "Mwanangu, vitufe viko wapi?"

Ndani ya kioo hicho mna nyuzi nyembamba mno zenye chaji ya umeme. Mwili wa mtu hupitisha umeme. Basi kidole huibadili chaji ile pale kilipogusa, simu ikapatambua. (Ndiyo maana ncha ya ukucha haifanyi kazi.) Mwingereza mmoja, E. A. Johnson, alieleza kioo cha namna hii mwaka 1965, akiwafikiria waongozaji wa ndege, watu wa macho makali. Kidole chasema na kioo, lakini kioo hakikijibu kidole.

Kwa hiyo ilimpasa mjomba kumtajia kijana wa dukani nambari yake ya siri. Haukupita mwezi, shilingi 20,000 hazikuonekana. Nani alizichukua hatukujua. Mjomba hakumshtaki mtu, alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulituuma kuliko hasara yenyewe.

Kumbe mna msomaji ndani ya simu hizi! iPhone ilipata wake, VoiceOver, mwaka 2009, na simu nyingi za Android zina TalkBack. Kidole kikipita, sauti hutaja kilicho chini yake; ukikitaka, wagusa mara mbili upesi. Muuzaji hakututajia hata neno. Wazazi mnaowanunulia wazee simu, ulizeni habari hiyo kabla ya kuuliza bei.

Nilimfundisha likizo ya Desemba. Siku ya nne alimpigia binti yake bila msaada, akacheka peke yake. Kwa mambo ya siri yafaa kuvaa spika za masikioni, maana sauti ikitaja tarakimu dukani ni sawa na kupiga mbiu.

Mjomba hakutaka kubahatisha. Simu ya kioo husikilizia habari na ujumbe wa wanawe, lakini laini ya fedha ameirudisha katika ile ndogo, nayo hukaa mfuko wa shati, imejaa chaji.