Watoto wawili, jina moja, mstari mmoja

Kusini mwa Pittsburgh, jiji la Marekani ninakoishi na familia yangu, kuna mji mdogo unaoitwa Donora, kando ya mto Monongahela. Mwaka 1950 alizaliwa hapo mtoto akaja kujulikana kama Ken Griffey. Mwaka 1969 akazaliwa hapo mwanawe, naye akaitwa Ken Griffey. Wote wawili wakawa wachezaji wakubwa wa besiboli, na mwaka 1990 wakacheza pamoja katika timu moja, Seattle Mariners. Tarehe 14 Septemba mwaka huo baba alipiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Akafuata mwana, naye wake ukavuka.

Mzazi akisoma hapo anatabasamu. Mtunza kumbukumbu anashika kichwa. Timu moja, mwaka mmoja, siku moja, jina moja. Mpira upi ni wa nani?

Utasema tutazame mahali na siku ya kuzaliwa. Haya. Griffey mwana alizaliwa Donora tarehe 21 Novemba. Stan Musial, gwiji mwingine wa mchezo huo huo, naye alizaliwa Donora tarehe 21 Novemba, ila mwaka 1920. Mji ule ule, siku ile ile. Kwa hiyo jina halitoshi, na mji na siku ya kuzaliwa navyo havitoshi.

Ninayafuatilia mambo haya kwa sababu ya timu ya wanangu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Hapa Pittsburgh wanangu wawili wanacheza besiboli ya watoto, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Nyumbani Tanzania pia unachezwa, hasa kwenye baadhi ya shule za sekondari, kwa msaada wa Wajapani. Familia nyingi za mtaa wetu zimetoka Congo zikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Makocha wakaniomba niwe ninawapigia simu wazazi, na ndivyo nilivyoingia kwenye jedwali.

Jedwali lenyewe liko mtandaoni na wazazi saba tuna ruhusa ya kuandika ndani yake. Kila mtoto ana mstari wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu ya mzazi, namba ya jezi, ugonjwa au chakula kinachomdhuru, na pembeni kabisa takwimu za mechi. Watoto 41, timu tatu. Ni kanzidata ndogo ya watu wa kujitolea, kama vile ambavyo huko kwetu kundi la WhatsApp la wazazi huwa na orodha moja ambayo kila mtu anainakili na kuongeza jina lake.

Machi mwaka jana mzazi mmoja mwenye nia njema kabisa aliamua kulisafisha. Alikuta mistari miwili ya mtoto mmoja: jina lile lile, tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, mwaka ule ule, na jengo lile lile la ghorofa. Akaiunganisha ikawa mmoja. Kwa macho ya mtu asiyewajua, hata mimi nisingemlaumu.

Lakini hao ni watoto wawili, mtu na binamu yake. Wote wamepewa jina la babu mmoja, kama tunavyofanya, na wanakaa milango miwili tofauti kwenye korido moja. Hiyo 1 Januari ndiyo tarehe ambayo wakimbizi wengi wamepewa kwenye karatasi pale ambapo siku halisi haikuandikwa popote. Kwenye jedwali letu watoto tisa wana siku hiyo. Anayekagua orodha bila kujua hilo ataona maajabu, au ataona udanganyifu.

Jezi zikaagizwa 40. Hilo lilikuwa dogo, kijana alichezea fulana ya kaka yake. Kubwa lilikuwa safu ya afya. Mmoja wa hao watoto ana pumu, na mistari ilipounganishwa, neno "pumu" lilibaki kwenye mstari uliosalia, ambao kocha aliusoma kuwa ni wa yule mwingine. Aprili hapa bado kuna baridi ya kuuma. Nilipofika uwanjani Jumamosi ya pili nikamkuta kocha akimwita kila mara mtoto mzima wa afya apumzike, akae, anywe maji, na mtoto akilalamika kwamba hachoki. Mwenzake mwenye pumu alikuwa amekimbizwa vituo vyote mara sita mfululizo, na mama yake alikuwa amesimama nyuma ya uzio ameshika kichupa cha dawa ya kuvuta, hajui Kiingereza cha kumsimamisha mtu mzima katikati ya mazoezi.

"Mama," aliniambia, "ule mwenye pumu ni wangu. Huyu wanamupumzisha ni wa dada yangu."

Mtoto alipewa dawa, akatulia, akataka kurudi kucheza. Usiku ule tulikaa na kocha tukafungua jedwali. Bahati nzuri, majedwali ya aina hii hutunza kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, nani kabadilisha na saa ngapi. Mistari ya zamani tukaipata yote.

Swali likabaki: tutawatenganishaje ili mtu mwingine asije akawaunganisha tena mwakani?

Jibu wapenzi wa besiboli walikuwa nalo zamani. Sean Lahman, mwandishi wa habari, alianza miaka ya 1990 kutoa bure mtandaoni kanzidata ya wachezaji wote wa ligi kuu za Marekani. Humo kila mchezaji ana alama yake isiyobadilika: herufi tano za jina la ukoo, mbili za jina la kwanza, kisha namba. Ken Griffey baba ni griffke01, mwana ni griffke02. Taarifa za mtu ziko kwenye jedwali moja, za timu kwenye jingine, za kupiga mpira kwenye jingine, na zote zinashikwa pamoja na alama hiyo. Mchezaji akihama timu, jina lake haliandikwi upya kama mtu mpya. Likikosewa, linasahihishwa mahali pamoja tu.

Nasi tukawapa watoto wetu namba, moja hadi 41, isiyohusiana na jezi, maana jezi hubadilika. Mtoto akiondoka, namba yake hapewi mwingine. Tukaweka na sharti moja ambalo ndilo ninalolipenda zaidi: hakuna kuunganisha mistari miwili kabla ya kumpigia simu mzazi.

Majina nayo yana kesi yake. Jiji hili linampenda mno Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyechezea Pittsburgh Pirates na kufariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka msaada Nicaragua baada ya tetemeko la ardhi. Kwa miaka mingi kadi za wachezaji zilimwandika "Bob", kana kwamba Roberto ni jina gumu. Alipoingizwa kwenye Jumba la Magwiji mwaka 1973, bango lake liliandikwa Roberto Walker Clemente. Lakini kwa desturi ya kwao jina la baba hutangulia na la mama hufuata: Roberto Clemente Walker. Bango likabadilishwa mwaka 2000.

Mzazi wa Kiswahili analielewa hili upesi. Tuseme mtoto ni Baraka Juma Mwita: lake, la baba, la babu. Fomu inauliza jina la kwanza na jina la ukoo basi. Dada yake akiandikishwa na mtu mwingine, anakuwa wa ukoo wa Juma, yeye wa ukoo wa Mwita, na jedwali linaamini hawajuani. Tumeongeza safu moja: "jina analoitwa nyumbani, kama mzazi anavyolitamka". Kocha sasa anaita watoto kwa majina yao, na si haba.

Nimejiuliza kwa nini watu wazima, wengi wao wakiwa na kazi zao, wanatumia usiku mzima kwa mistari ya namna hii. Mwaka 1989 David Smith, profesa wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, alianzisha Retrosheet, na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya karatasi za mechi za zamani na kuziingiza moja moja. Ukienda taratibu hivyo, unagundua mambo. Ty Cobb kwa miongo mingi alihesabiwa mipigo 4,191. Mwaka 1981 ikatangazwa kwamba mechi moja ya 1910 ilikuwa imeandikwa mara mbili, na hesabu halisi ni 4,189. Kwake kitu kimoja kilihesabiwa viwili, kwetu viwili vilihesabiwa kimoja.

Na kuna waliohesabiwa sifuri. Josh Gibson alikulia hapa Pittsburgh. Alikuwa mpigaji wa kutisha, lakini alikuwa mweusi, na ligi kuu hazikumpokea. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajafungua mlango. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1975. Takwimu za ligi za weusi zilikuwa zimetawanyika kwenye magazeti ya zamani, na watafiti wa kujitolea ndio waliozichambua mechi kwa mechi. Mei 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi kwenye vitabu vyake, na Gibson akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga wa maisha, .372, juu ya Cobb. Niliwaonyesha wanangu mstari wake. Mdogo akauliza kama anajua. Nikamwambia mjukuu wa mtu akisoma, inatosha, tukaendelea kula.

Ila kwa watoto wetu sikubali kila kitu kiandikwe. Hizo kanzidata kubwa zinatafuta hadi mahali mchezaji alipozikwa, na ni sawa, walikuwa watu wazima waliocheza hadharani. Mtoto wa miaka kumi si hivyo. Tumeitoa safu ya afya na anwani tukaziweka kwenye jedwali jingine linalofunguliwa na makocha watatu na mimi. Wengine wanaona jina, namba na umri basi. Mzazi, ukipewa fomu ya michezo au ya shule huko uliko, uliza nani ataisoma. Hutaonekana msumbufu, na ukionekana, vumilia.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo imetusumbua kuliko yote, kwa sababu ligi hupanga watoto kwa umri. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu mashindano ya dunia ya Little League yanayofanyika Williamsport, jimbo hili hili la Pennsylvania. Viza zikakataliwa kwa sababu umri na tarehe kwenye karatasi zao havikulingana. Wakabaki Kampala. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wamepangiwa kukutana nao huko, Januari 2012 walisafiri hadi Uganda kucheza nao. Agosti mwaka huo timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ikafika Williamsport na kushinda mechi moja.

Kwa hiyo mama mmoja aliponiomba niibadilishe 1 Januari ya bintiye, kwa kuwa anakumbuka vizuri ilikuwa wakati wa kuvuna maharage, nilimwambia hapana. Jedwali la timu likipingana na karatasi za serikali, atakayeumia ni mtoto. Ile tarehe ya karatasi ibaki.

Lakini tuliongeza safu ya mwisho, tukaiita "siku ya keki". Humo mzazi anaandika siku anayoijua yeye, na hakuna anayedai cheti. Binti wa maharage amewekwa wiki ya kwanza ya Juni, katikati ya msimu. Kati ya wale tisa wa 1 Januari, saba wamepata siku zao, na wawili mama zao wamesema bado wanaulizana na bibi kwa simu.